Mwaka Ng'ombe wa Mama Atupele Alipouzwa Kweli

Mwezi uliopita tulimzika mnadi Ambakisye kule Mpuguso, na katika wasifu wake kijana wa kamati alisoma kwamba marehemu alikuwa mnadi wa kwanza katika Rungwe kupokea teknolojia ya kidijitali. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimetoka Songea, miguu imevimba kwa safari, nimekaa mwisho wa turubai ambako maji ya mvua yalikuwa yananidondokea begani, na nilitaka kusimama niseme kwamba si hivyo. Nikamfuata mwongozaji wa ratiba. Akaniambia kwa upole kwamba muda umebana, maelezo ya ziada niyaweke kwenye grupu. Nikayaweka kwenye grupu la msiba, nimesimama chini ya ukingo wa bati, naandika herufi moja moja kwa kidole chenye baridi. Nilijibiwa kwa vile vikaragosi vya mikono iliyounganishwa kwa sala, na mtu mmoja nisiyemjua akaandika, "Amina dada." Basi, ikaishia hapo. Nimekaa na hasira hiyo mpaka leo, na kwa kuwa grupu lenyewe limeshafungwa, nauandika hapa mwaka ule, mwaka pekee wa utu uzima wangu niliokaa mahali pamoja kutoka mavuno hadi mavuno.

Nilikuwa nimepita thelathini kidogo. Nilishakaa Tunduma, Makambako na Mbeya mjini, kila mahali nikiondoka kabla sijazoeleka, na nilipofika Tukuyu nilidhani nitapumzika majuma mawili. Nilipanga chumba cha nyuma kwa Mama Atupele, mjane mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma nje kidogo ya mji. Ukuta uliokuwa upande wa kichwa changu ndio uliokuwa ukuta wa banda la Sabuni, ng'ombe wake mmoja tu, aliyepewa jina hilo kwa sababu alinunuliwa kwa faida ya kuuza sabuni za vipande sokoni. Niliamka kwa kumsikia akicheua, taratibu, kama mtu anayefikiria jambo lisilo na haraka. Ukungu ukiwa bado umekaa migombani, Mama Atupele alikuwa tayari amekamua, na maziwa yalikwenda kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi. Yaliyobaki aliyagandisha kwenye kibuyu. Jioni tulikaa jikoni kwake, moshi ukitafuta njia kwenye mianya ya bati, tukila mbalaga, zile ndizi za kupika, na maziwa mgando. Nikisema nimeshiba aliniongezea. "Kula, Sekela. Mtu wa kuhamahama kama wewe hajui kesho ataamkia wapi." Maziwa hayo ndiyo yaliyomsomesha mjukuu wake aliyekuwa sekondari ya bweni. Hapakuwa na shamba la chai, wala mtoto wa mjini wa kutuma chochote. Palikuwa na Sabuni.

Na kila Jumapili ya mavuno, Mama Atupele alimtoa Sabuni sadaka. Aliponiambia mara ya kwanza nilidhani ananitania. "Si ndiye ninaye?" alisema. "Basi ndiye ninayemtoa." Ilinichukua muda kuelewa. Baada ya ibada, mazao na mifugo iliyoletwa sadaka ilinadiwa pale nje kwenye nyasi. Mtu alinunua kuku, akalipa, kisha akasema, "Narudisha." Kuku akanadiwa tena. Wa pili naye akanunua, akarudisha. Kuku mmoja aliweza kuuzwa mpaka akachoka kushikwa miguu. Mwishoni mtu alisema, "Huyu nampelekea mwenyewe," na kuku akarudi nyumbani na yule aliyemleta, ambaye alimfuata mnunuzi wa mwisho, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia "Ndaga fijo," yaani asante sana. Si kila kitu kilirudi hivyo. Mikungu ya ndizi na magunia ya viazi vya Isongole viliondoka na walionunua. Lakini kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho, kilirudi. Hakuna aliyewahi kulitangaza jambo hili, na hakuna aliyelitaja. Ulitoa kama mtu anayetoa moja kwa moja, na roho yako ilitakiwa iwe hivyo kweli. Sabuni alikwenda na kurudi miaka mingi. Aliijua njia. Mnada ukikaribia kwisha aligeuza kichwa mwenyewe kuelekea nyumbani, watu wakacheka. Hakuna kitu kilicholiingizia kanisa fedha kama ng'ombe huyo ambaye hakuuzwa kamwe.

Kazi niliipata kwa Mzee Idrisa, aliyekuwa na duka la uchapaji mjini. Babu yake alitoka pwani na msafara wa biashara, na yeye alizaliwa Tukuyu, akikiongea Kinyakyusa vizuri kuliko mimi. Alichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, na kila mwaka kijitabu cha mnada. Nilizunguka kwa watoaji nikauliza nani ataleta nini, nikaandika, nikapiga chapa. Kila kitu kilikuwa na namba yake, jina la mwenyewe, na maneno machache. Kwa Sabuni tuliandika: "Ng'ombe wa Mama Atupele. Mpole. Anakubali kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa mwenye haraka." Watu walivitunza vijitabu hivyo. Nyumba nyingi nilizoingia vilikuwa vimechomekwa nyuma ya kioo au juu ya kabati, vya miaka na miaka, na wageni wakija vilishushwa vikasomwa kwa sauti, watu wakakumbushana nani alimnunulia nani jogoo na alisema nini. Tulipokuwa bado tunapanga kurasa za mwaka ule, Ambakisye alikuja dukani kuzisoma zote mpaka zikae kichwani, akikaa juu ya boksi la karatasi, chapati mkononi.

"Mzee Idrisa, mwaka huu herufi ziwe kubwa. Macho yanazeeka."

"Macho yako hayana ugonjwa. Unaogopa kuvaa miwani mbele ya akina mama."

"Ningekuwa natafuta akina mama ningekuja kukaa kwenye duka linalonuka wino?"

"Unakuja kwa ajili ya chapati. Na mafuta unapangusia kwenye karatasi zangu."

Walikuwa hivyo asubuhi nzima. Na siku ya mnada ni Mzee Idrisa, na kofia yake ya kufuma, Mwislamu peke yake katika uwanja ule, ambaye kila mwaka alifungua bei ya Sabuni. Alisimama karibu na lango, akapaza sauti, "Nafungua mimi." Akanunua. Akasema, "Narudisha." Hapo ndipo wengine walipoingia. Hakuna aliyewahi kumtangulia. Ilikuwa heshima yake, na watu waliitunza.

Mwalimu Gwakisa, katibu wa kamati ya mnada pale kanisani, alikuja dukani siku moja ya mvua na kifaa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Siku hizi kila mtoto wa shule anavijua vishikwambi. Wakati ule tuliviita tableti. Nilikuwa nyuma ya pazia napanga kurasa, nikawasikia.

"Mzee wangu, mwaka huu hatutachapa," alisema Mwalimu. "Tumepata kampuni ya Mbeya itatuletea hizi. Kila benchi moja, na wageni kila mmoja ya kwake. Kitu kinaonekana na picha, mtu anabonyeza, bei inapanda yenyewe. Hakuna kelele, hakuna kukosea."

"Nani alikosea?" aliuliza Mzee Idrisa.

"Hakuna, Mzee. Nasema tu. Tunataka wafadhili wa nje. Zahanati haina paa."

Nikatoka nyuma ya pazia. Nikamuuliza maelezo ya watoaji yatakaa wapi. Akanionyesha kwenye kioo: namba, picha, aina, uzito. Nikauliza jina linakaa wapi.

"Majina tumeondoa makusudi, dada Sekela. Ukiweka jina, watu wananunua mtu. Sisi tunauza vitu."

"Lakini Mwalimu, miaka yote watu wananunua mtu."

"Ndiyo maana tunabadilisha," alisema, tena kwa uso wa furaha, kama mtu aliyeulizwa swali alilolisubiri.

Nilikwenda kwa mchungaji. Akaniambia kamati imeshapitisha. Nikaenda kwenye kamati, nikaombwa nisubiri nje, na nilipoitwa kikao kilikuwa kimefungwa kwa sala. Nikamwambia Ambakisye, naye akacheka. "Wewe waache na vioo vyao. Mkononi nitakuwa na kipaza sauti." Mama Atupele nilimwambia jikoni, polepole, kwamba mwaka huu mambo ni mengine, labda alete jogoo. Aliacha kumenya, akanitazama. "Jogoo? Mungu atadhani Sabuni amekufa."

Jumapili yenyewe ilikuwa na manyunyu. Tableti ziligawiwa, moja kila benchi, na palepale zikaanza kugombewa. Wengi wa watu wetu huchuma chai, na ngozi ya vidole vyao ni ngumu kama kiatu. Walibonyeza, kioo hakikusikia. "Hebu wewe mwalimu wa awali, una kidole laini." "Kipanguse kwanza, kimelowa." "Usiguse hapo, umenunua mbuzi." Mbele walikaa wageni waliotoka upande wa Mbeya, kila mmoja na yake, wametulia. Kijana wa kampuni alikuwa mezani chini ya mwavuli, akiangalia mtandao unavyokuja na kuondoka. Ambakisye alipewa kipaza sauti na akaambiwa asome tu kinachotokea. Akajaribu kufanya kama siku zote. Alimwinua kuku wa kwanza, akasema kuku huyu anamwamsha baba mwenye nyumba kila alfajiri, na mke wake amechoka na mume anayeamka mapema. Watu wakacheka. Wakati wanacheka, kuku akawa ameuzwa na kioo kimeshafika kwenye magimbi. Akaanza magimbi, yakauzwa. Alikuwa kama mtu anayekimbiza kofia iliyopeperushwa na upepo.

Mama Atupele aliingia na Sabuni kutoka upande wa lango, amevaa kitenge kipya, ng'ombe kaoshwa mpaka anang'aa. Ambakisye alisimama wima. Kila mwaka hapa ndipo alipochukua muda wake. "Bwana asifiwe," alisema, na watu wakaitikia. "Huyu mgeni tunamfahamu?" Watu wakasema tunamfahamu. Mzee Idrisa, kwenye lango, akapaza sauti, "Nafungua mimi." Mabenchi yote yakageuka kumtazama, kama kila mwaka, na hakuna aliyebonyeza, kwa kuwa hakuna anayemtangulia Mzee Idrisa. Kijana wa kampuni akasema kupitia spika yake ndogo, "Baba, sauti haihesabiki, tafuta kioo ubonyeze." Mzee akauliza, "Kioo gani?" Mtu wa benchi la karibu akanyanyuka kumpelekea. Mbele, mfugaji mmoja wa Uyole aliyealikwa na mtu wa kamati alikuwa ameona ng'ombe mzuri wa maziwa, kijivu, mwenye afya, na hakuna mshindani. Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea kwenye vioo vyote kwa pamoja: IMEUZWA. Na picha ya Sabuni ikaondoka, ikaja ya mkungu wa ndizi.

Tulidhani ni jambo la kurekebishwa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, tulivyokuwa na uhakika. Ambakisye alisema kwenye kipaza sauti, bado anatabasamu, "Ndugu yetu mgeni amenunua, tumpigie makofi. Sasa ndugu yetu, unasemaje?" Yule bwana akasimama, akainama kidogo, akasema, "Nashukuru sana. Mungu awabariki." Akaketi. Ambakisye akauliza tena, "Unasemaje?" Bwana akaanza kutazama huku na huku. Mzee mmoja benchi la nyuma akasema, "Arudishe," na bwana akasikia, na uso wake ukabadilika. "Nirudishe nini? Nimelipa kwa simu, ujumbe huu hapa." Nikakimbilia kwa kijana wa kampuni. Alikuwa na adabu. "Dada, mfumo ukishafunga bidhaa haifunguki. Labda iingizwe upya. Ila sasa mwenye mali ni yule pale, lazima aitoe yeye." Mwalimu Gwakisa akamwambia afungue hivyo hivyo, akajibu kwamba hana uwezo huo, uwezo uko Mbeya, na Mbeya Jumapili hawapokei simu. Mchungaji alikuwa amesimama na mikono nyuma. Angesema nini? Amwambie mgeni mbele ya waumini kwamba sadaka ile haikukusudiwa kuondoka? Basi si sadaka. Kila mtu pale alijua, na kila aliyefungua mdomo aliufunga. Nilimtazama Mama Atupele, nikamwona anaipitisha kamba kutoka mkono wake kwenda mkono wa dereva wa Fuso la mgeni. Akamkabidhi vizuri, akamwonyesha jinsi ya kumpandisha bila kumtisha. Kisha akamwendea yule bwana, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, tata," akimwita baba kwa heshima.

Juma lile hatukula maziwa mgando. Alipika maharage, akayalalamikia kwamba hayaivi, akazungumza habari za mvua. Asubuhi niliamka mapema kama kawaida na sikusikia kitu ukutani. Mgahawa wa stendi ulipata maziwa kwa mtu mwingine. Ilipofika siku ya mjukuu kurudi shule, hakurudi, akabaki akimsaidia bibi yake kuuza ndizi barabarani, na alikuwa msichana mwepesi wa hesabu. Ambakisye alikuwa hatulii. Siku moja akanifuata dukani akasema, "Twende Uyole." Tukaenda. Yule bwana alitupokea vizuri, jambo ambalo nalo liliniudhi. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mtu mbaya. Alitukaribisha sebuleni kwenye makochi ya vitambaa vya kufuma, mke wake akaleta chai ya maziwa na viazi vitamu, na nilipoinywa ile chai nilijua ni maziwa ya nani. Tulimwona Sabuni kwenye banda la saruji, amenenepa. Ambakisye alimweleza yote, kama ndugu. Bwana alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mimi sikatai. Sikujua. Lakini nimenunua kanisani, mbele ya watu, na siku ile mmeniangalia kama mwizi. Nikimrudisha hivi hivi, itakuwa nilikosea kweli. Mama mwenyewe aje, au apige simu tu, aniambie kwamba hakuwa amemtoa moja kwa moja. Neno hilo tu. Gari nitatoa mimi."

Njia nzima ya kurudi Ambakisye alikuwa anaimba. Tulimkuta Mama Atupele jikoni. Alimsikiliza akiwa anachochea moto, hakugeuka.

"Nilimtoa," alisema.

"Mama, tunajua ulimtoa. Sema tu hukumtoa moja kwa moja. Ni maneno mawili."

"Miaka yote hiyo nilikuwa namdanganya Mungu, siyo?"

"Hakuna anayesema hivyo."

"Wewe ndiye unataka niseme mimi."

"Mama Atupele," Ambakisye alipandisha sauti, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti nje ya mnada, "mtoto hayuko shule. Ng'ombe yupo Uyole ananenepa. Mwenye naye anataka kumleta kwa gari lake. Maneno mawili!"

Akageuka hapo. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, au kwa jambo jingine. "Niyaseme, tata. Halafu Jumapili nikakae benchi lipi?"

Ambakisye alichukua kofia yake akatoka. Mimi niliendelea. Nilibishana naye kwa miezi, wakati wa kumenya, wakati wa kufua, nikatumia akili zote nilizookota katika miji yote. Nilimwambia Mungu si mfumo wa kampuni. Nilimwambia hata majirani wanataka aseme. Walimletea ndama mmoja wa kuchangiana. Akashukuru, akamrudisha, kwa sababu alichopewa nyumbani ni msaada, na yeye hakuwa ameomba msaada. Kuna siku nilimkasirikia mpaka nikafunga begi. Nikalifungua tena. Hata sasa sijui kama alikuwa na haki. Najua tu kwamba kila mtu niliyemtafuta anisaidie alikuwa mwema, Mwalimu Gwakisa, yule kijana, yule bwana wa Uyole, na wema wao wote ulishindwa kufungua kitu ambacho zamani kilifunguliwa na neno moja la Mzee Idrisa.

Mavuno yalipozunguka tena, tableti zililetwa. Ambakisye aliiambia kamati koo linamuuma. Hakushika kipaza sauti tena maisha yake yote, na hicho ndicho nilichotaka kukisema kule msibani. Siku hiyo watu walileta mayai, vichane vya ndizi, jogoo wa hapa na pale. Hakuna aliyeleta kitu ambacho kingemsumbua kikiondoka. Mnada ulikwenda kwa wakati, na Mwalimu Gwakisa alisema haujawahi kuwa na utulivu kiasi kile. Mama Atupele alileta maziwa. Aliyanunua kwa jirani, akayatia kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, akayabeba mwenyewe mpaka mezani, kijana akayapiga picha. Akarudi akaketi kando yangu, akanyoosha kitenge, akatulia kusubiri yatajwe.

Alisubiri kitambo. Kisha akaniinamia. "Bado hawajafika kwangu?"

"Yameshauzwa, Mama."

"Lini?"

"Ulipokuwa unatembea kuja kuketi."

"Nani kayanunua?"

Nikatazama kioo cha benchi letu. Palikuwa na namba tu. Nikamwambia haioneshi. Akasimama, maana alitaka kumshukuru mtu, mikono yake miwili ikiwa tayari mbele yake. Akageuka taratibu, akatafuta benchi moja baada ya jingine uso wa mtu anayemtazama. Wote walikuwa wameinamia vioo.